Historia ya Sindano na Uzi wa Hospitali

Mji wa Redditch, kusini mwa Birmingham huko Uingereza, uliishi kwa sindano. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya sindano za dunia zilitoka huko: za washonaji nguo, za mafundi tanga, na za madaktari pia. Waya wa chuma ulikatwa vipande vyenye urefu wa sindano mbili. Mnoaji alishika vipande vingi kwa mpigo, akaviviringisha kwa kiganja huku ncha zikigusa jiwe linalozunguka. Jiwe lilikuwa kavu, na vumbi lake pamoja na la chuma liliingia moja kwa moja kifuani mwake. Wanoaji walilipwa vizuri kuliko wenzao, na walikufa mapema kuliko wenzao; wengi hawakufika miaka 40. Vilipoletwa vifaa vya kufyonza vumbi, baadhi yao walivikataa wakihofia kwamba hatari ikipungua, na ujira utapungua. Kila anayesifu sindano za enzi ile awakumbuke watu hawa.

Baada ya kunolewa, kila kipande kilitobolewa matundu mawili katikati, kikakatwa kuwa sindano mbili, kikapashwa moto na kuzimwa ghafla ili chuma kikaze, kisha kikapashwa tena kidogo kisije kikavunjika kama kioo. Ndipo zikaja siku za kusuguliwa. Kwenye kinu cha Forge Mill, kilichogeuzwa kuwa cha sindano mwaka 1730, maelfu kwa maelfu ya sindano yalifungwa ndani ya turubai pamoja na sabuni na unga wa kusugulia, yakaburuzwa mbele na nyuma kwa nguvu ya maji mpaka yang'ae. Kazi hiyo iliendelea hadi 1958. Leo Forge Mill ni makumbusho.

Uzi nao una mambo yake. Al-Zahrawi, tabibu wa Cordoba huko Hispania, aliandika kiasi cha mwaka 1000 juu ya kushona utumbo kwa uzi uliotengenezwa kwa utumbo wa mnyama. Mafundi wa ala za muziki waliujua uzi huo kabla ya madaktari kuuzoea: tabaka la utumbo wa kondoo husafishwa, hupasuliwa kuwa mikanda, husokotwa likiwa bichi, huvutwa likauke, halafu husuguliwa. Sifa yake kubwa ni kwamba mwili huula wenyewe. Joseph Lister, daktari mpasuaji Mwingereza, aliitaka sifa hiyo. Enzi zake madaktari walifunga mishipa ya damu kwa hariri na kuacha ncha zikining'inia nje ya kidonda mpaka zitoke na usaha. Mwaka 1869 alitangaza kwamba uzi wa utumbo uliolowekwa katika dawa ya kaboliki unaweza kuachwa ndani na jeraha likafungwa juu yake. Alikuwa ameujaribu kwenye mshipa wa shingo ya ndama. Baadaye aliutia chumvi za kromiamu ili usiyeyuke upesi. Kaboliki haikuua vijidudu vyote vilivyojificha ndani ya uzi, na viwanda vilichukua miaka mingi kulitatua tatizo hilo.

Tukitaja miaka hiyo, hatuna ruhusa ya kuipita Kahura, katika nchi ya Bunyoro, Uganda ya leo. Mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin, aliyekuwa akisomea udaktari, alishuhudia pale mwanamke wa miaka kama 20 akipasuliwa ili mtoto atolewe. Mganga alimnywesha pombe ya ndizi, akanawa mikono kwa pombe hiyohiyo na kumwosha nayo tumbo, kisha maji. Mishipa iliyotoka damu iliguswa kwa chuma chenye moto. Mji wa mimba hakuushona, lakini Ulaya nako haukuwa ukishonwa kwa kawaida mpaka Max Sänger wa Leipzig alipoeleza namna yake mwaka 1882. Tumbo lilifungwa kwa vipini 7 vyembamba vya chuma, vilivyosuguliwa vikawa laini, vikakazwa kwa nyuzi za gome la mti. Juu yake wakaweka dawa ya mizizi, jani la mgomba lililopashwa moto, na kitambaa cha gome. Siku ya tatu kikatolewa kipini kimoja, siku ya tano vitatu, siku ya sita vilivyobaki. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona kabisa.

Felkin aliyachapisha haya mwaka 1884 katika jarida la madaktari wa Edinburgh, Uskoti. Wasomaji wengi humstaajabia mganga, na ni haki yake. Mimi namfikiria pia mhunzi. Chuma chembamba kiasi hicho, tena laini, hakifuliwi na mtu anayebahatisha. Bunyoro ilijulikana kwa wahunzi wake, na huenda aliyevifua vipini vile alijua vinakwenda kufanya kazi gani. Jina lake halikuandikwa.

Edinburgh hiyohiyo ndiko sindano ilikopoteza tundu lake. Mwaka 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeufunga mlango wa bidhaa za Ujerumani, George Merson alianza kutengeneza nyuzi za upasuaji mjini humo. Sindano yenye tundu hubeba uzi uliokunjwa mara mbili, kwa hiyo hutoboa nyama zaidi ya inavyohitajika. Merson akauingiza uzi kwenye mkia wa sindano na kuubana. Tangu hapo sindano na uzi vikawa kitu kimoja, kinachopita katika tundu dogo na kutupwa baada ya mgonjwa mmoja. Mwaka 1947 kampuni yake ilinunuliwa na Johnson & Johnson.

Mabadiliko yaliyofuata yalikwenda haraka. Nailoni ikaingia, na miaka ya 1970 zikaja nyuzi za kikemia zinazovunjwavunjwa na maji ya mwili bila kuchokoza kidonda sana. Kwa hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, Uingereza iliuondoa uzi wa utumbo mwaka 2001. Huku kwetu Afrika Mashariki uliendelea kushona akina mama wodini, kwa kuwa ni wa bei nafuu.

Chukua pakiti moja ya uzi katika hospitali yoyote ya Afrika Mashariki. Utaona mchoro wa sindano kwa ukubwa wake halisi, nambari ya unene, tarehe ya kuisha, na mara nyingi jina la India, China au nchi ya Ulaya. Merson hakungoja mlango wa Ujerumani ufunguliwe tena. Nawaomba wenye viwanda vya dawa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam waanze na hatua zilizo karibu: waagize uzi na waya, waviunganishe hapa, wavitakase hapa, na wafundishe vijana wetu kunoa sindano ya daktari.