Ukiyavulia maji nguo, utavaa nini?

Methali yetu inasema kwamba maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Nimeifafanua methali hii mara nyingi, lakini sikuwahi kujiuliza swali lililo wazi kabisa: ukishavua, unavaa nini? Swali hilo niliulizwa mwezi wa Julai na binti ya kaka yangu, mwanafunzi wa sekondari hapa Nakuru.

Alikuja na simu mkononi, akanionyesha tangazo la mavazi ya kuogelea ya wanawake, ‘maridadi kwa kiangazi’.

“Anti, kiangazi gani na mimi nimevaa sweta mbili?”

Alikuwa na haki ya kucheka. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na Julai kwetu ni mwezi wa baridi. Kiangazi chetu ni Januari na Februari, vumbi linapotimka. Aliyelitafsiri tangazo lile alihamisha maneno bila kuhamisha jua.

Kumbe hakuja kwa ajili ya mzaha. Shule yao ingeanza masomo ya kuogelea muhula uliofuata, na kila msichana alitakiwa kuwa na kostumu. “Zote ziko hivi,” akasema, huku akipitisha picha moja baada ya nyingine. “Mimi nitakaa tu benchi.”

Neno hilo lilinichoma, kwa sababu benchi hilo nalijua. Nikiwa na umri kama wake nilikaa kando ya kidimbwi muhula mzima, nikisingizia tumbo, kwa kuwa sikuwa na vazi ambalo ningethubutu kuonekana nalo. Hadi leo sijui kuogelea.

Tuanze na lugha. Kitenzi ‘oga’ kinatupa ‘ogea’, kisha ‘ogelea’, kama vile ‘enda’ inavyotupa ‘endea’ na ‘endelea’. Kauli ya kutendea ikirudiwa hivyo, aghalabu huongeza maana ya kushikilia tendo, kulifanya kwa kuendelea. Anayeoga hujimwagia maji akamaliza. Anayeogelea hukaa ndani ya maji na kusafiri humo. Kwa hivyo vazi la kuogelea, kwa mujibu wa kitenzi chenyewe, ni vazi la kazi.

Lakini maji yenyewe yako wapi katika Bonde la Ufa? Inasemekana Nakuru ni jina la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Maziwa ya Nakuru, Elementaita na Bogoria ni ya magadi. Naivasha na Baringo yana maji baridi, ila Naivasha kuna viboko, na Baringo kuna viboko na mamba. Sisi watoto tulijifunzia maji mitoni. Wavulana waliingia walivyozaliwa. Wasichana tuliingia na shimizi au leso, na ikishalowa, pamba ilikuvuta chini kama jiwe. Tuliishia kurushiana maji kwenye kina cha magoti.

Vidimbwi vya kuogelea vililetwa na walowezi, waliomiminika huku baada ya reli kufika Nakuru mwaka wa 1900. Vilikuwa katika vilabu vyao, na Mwafrika aliingia humo kufagia au kubeba sinia. Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963 mlango ulifunguliwa, japo kwa wenye ada. Basi vazi hili lilitufikia likiwa limefungamana na lango, na pengine ndiyo sababu wengi bado huliona kama sare ya watu wa tabaka fulani.

Tunadhani pia kwamba tangu hapo lilikuwa dogo. La hasha! Katika karne ya 19, wanawake wa Ulaya waliingia baharini wamevaa magauni na suruali za sufu, wengine wakishona vyuma vizito kwenye pindo ili gauni lisielee. Ni vigumu kuogelea ukiwa umebeba nanga. Wanawake walipokubaliwa kushindana katika uogeleaji wa Olimpiki mwaka wa 1912 huko Stockholm, walivaa mavazi mepesi yaliyobana mwili. Hapo ni kuogelea kulikopunguza kitambaa.

Baadaye kukaja sababu nyingine. Tarehe 5 Julai 1946, Mfaransa Louis Réard alionyesha jijini Paris vazi la vipande viwili akaliita bikini. Jina alilitoa kwenye kisiwa cha Bikini katika Bahari ya Pasifiki, ambako siku nne kabla Marekani ilikuwa imelipua bomu la atomiki. Wakazi 167 walikuwa wamehamishwa huko mwezi wa Machi. Jina la kwao likawa jina la chupi na sidiria za ufukweni.

Wanaisimu wana jambo la kufurahia hapa. Kwa kuwa kiambishi ‘bi’ katika lugha za Ulaya hudokeza uwili, watu walilikata neno hilo pasipo na kiungo: mwaka wa 1964 ikaja monokini, kisha tankini. Tusiwacheke. Sisi tulilipokea neno la Kiarabu ‘kitab’, tukaona ‘ki’ mwanzoni, tukasema vitabu. Kilabu nacho kikazaa vilabu.

Burkini ilizaliwa kwa njia hiyohiyo, kwa kuunganisha burka na bikini. Mbunifu wake ni Aheda Zanetti, mkazi wa Australia mwenye asili ya Lebanoni. Mwaka wa 2004 alimwona binti ya ndugu yake akicheza netiboli akiwa amejitanda hijabu iliyomsumbua, akaamua kushona vazi la michezo. Mwaka wa 2016 baadhi ya miji ya pwani ya Ufaransa ililipiga marufuku, hadi Baraza la Taifa la nchi hiyo liliposimamisha marufuku ya mji mmoja tarehe 26 Agosti. Zamani wanawake waliadhibiwa kwa kuvaa kidogo. Sasa waliadhibiwa kwa kuvaa kingi.

Huku kwetu, Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje uliwafundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi yanayofunika mwili mzima. Wamezungukwa na bahari, lakini wengi wao hawakuwahi kufundishwa kuogelea. Vazi lilipopatikana, wakaingia majini. Sioni ushahidi ulio bora zaidi wa kazi ya nguo hii.

Wanafunzi wa fasihi wanajua neno ‘maleba’, yaani mavazi ya waigizaji. Hiyo ndiyo maana nyingine ya kostumu huko Kiingerezani. Kosa la matangazo, na la mabenchi yetu, ni kuligeuza vazi la kuogelea kuwa maleba, nguo ya kutazamwa. Msichana anaulizwa kama linampendeza mtazamaji kabla ya kuulizwa kama anaweza kurusha mkono.

Nilimweleza mpwa wangu hayo yote. Akanisikiliza, kisha akasema, “Sawa Anti, lakini tununue gani?”

Tukaenda mjini. Tulikubaliana kwamba lisiwe la pamba, maana pamba hunywa maji. Nailoni iliyochanganywa na spandeksi, uzi unaonyumbuka uliovumbuliwa mwaka wa 1958, hukauka upesi na hurudi umbo lake. Rangi iwe nzito, kwa sababu nyeupe ikilowa huonyesha kila kitu. Likae sawasawa likiwa kavu, kwani maji hulilegeza. Mikono mirefu si ushamba. Karibu na ikweta, juu milimani, jua huunguza hata kukiwa na baridi. Akachagua blauzi ya mikono mirefu na kaptura ya magotini, buluu iliyokoza, na kofia pana ya kuhifadhi nywele zake za kusuka. Kofia pana za aina hiyo zilikubaliwa na shirikisho la kimataifa la uogeleaji mwaka wa 2022 tu, baada ya kukataliwa mwaka uliotangulia.

Akajaribu: akainua mikono, akachuchumaa, akainama. Halikupanda wala kushuka.

“Na wewe, mama, nikutolee saizi gani?” muuzaji akaniuliza.

Mpwa wangu akanitazama. Nilitaka kusingizia tumbo, kama zamani. Nikakumbuka ile methali, nikamtajia saizi yangu.