Mtoto wa Nickel Mines na Kanisa Lililomtunza

Katika siku za jubilii twakumbuka watu waliotuletea Injili. Yafaa basi tuijue na nchi walikotoka. Wamisionari Wamennonite waliofika Shirati mwaka 1934 walitoka Lancaster, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Katika wilaya iyo hiyo wakaa Waamishi, ndugu wa Wamennonite kwa asili. Wote ni uzao wa wale Waanabaptisti waliobatizana Zürich mwaka 1525, nao wakatengana mwaka 1693, wakati wa mzee Jakob Ammann. Waamishi hulima, husafiri kwa magari ya farasi, wala hawachukui silaha juu ya mtu.

Siku ya Jumatatu, tarehe 2 Oktoba 2006, mtu mmoja wa jirani, asiye Mwamishi, ambaye kazi yake ilikuwa kuendesha gari la kukusanya maziwa, aliingia na bunduki katika shule yao ya chumba kimoja, mahali paitwapo Nickel Mines. Mwalimu akakimbilia shamba la karibu ili polisi wapigiwe simu. Yule mtu akawatoa wavulana, akawazuia wasichana 10, wenye umri wa miaka 6 hata 13. Polisi walipofika akawapiga watoto risasi, kisha akajiua. Watano walikufa, watano walipona, wenye majeraha makubwa.

Habari iliyoenea duniani ni ile ya msamaha. Jioni ile ile Waamishi walikwenda kuwafariji jamaa za mwuaji. Alipozikwa, Waamishi zaidi ya 30 walikuwako kaburini pamoja na mjane wake. Tarehe 12 Oktoba shule ile ikabomolewa, na tarehe 2 Aprili 2007 watoto wakaingia shule mpya, nayo ikaitwa Tumaini Jipya.

Lakini liko jambo jingine lisilopigiwa mbiu sana, nalo ndilo nipendalo tulitazame. Katika wale waliopona alikuwamo mtoto wa miaka 6, aliyepigwa risasi kichwani. Waganga walikata tamaa, hata akarudishwa nyumbani afie kwao. Hakufa. Akaishi, ila hakuweza kutembea wala kusema. Akakaa katika kiti cha magurudumu, na chakula chake kikapita katika mpira. Mtoto wa namna hii machozi ya siku moja hayamfai. Yampasa apate mtu wa kumwogesha, wa kumlisha na wa kumgeuza kitandani, leo, na kesho, na mwaka ujao.

Waamishi hawana desturi ya kununua bima. Gharama za mgonjwa mmoja huchukuliwa na kanisa zima. Sadaka nyingi zikaja pia kutoka mbali, jumla yake zaidi ya dola 4,000,000. Wazee wakaweka kamati ya kuzitunza, nao hawakumsahau mjane wa mwuaji na watoto wake, wakawagawia katika fedha hizo.

Hata hivyo fedha haiogeshi mtoto. Mama wa mwuaji, jina lake Terri Roberts, aliwaomba wazazi wa mtoto yule ruhusa ya kuja kuwasaidia. Wakamkubalia. Basi kila juma, siku ya Alhamisi jioni, alikuja nyumbani kwao, akamwogesha, akamsomea vitabu, akamwimbia. Fikiri, msomaji, jinsi hatua zile za kwanza mlangoni zilivyokuwa nzito, kwake yeye aingiaye na kwao wafunguao. Desturi hiyo aliishika miaka mingi, mpaka ugonjwa ukamzuia. Akafariki mwaka 2017. Mtoto naye akakua akawa binti mzima, akitunzwa na jamaa zake na kanisa lake, hata akafariki mwaka 2024. Tangu siku ya risasi hata siku hiyo ilikuwa yapata miaka 18.

Wako waliosema kwamba watu hawa walisamehe upesi mno, kana kwamba hawakuumia. Sivyo. Wazazi wenyewe walikiri kwamba msamaha si neno la kusemwa mara moja likaisha. Hasira hurudi, na mtu hana budi kusamehe tena. Nami naona kwamba kazi ile ya kila siku ndiyo iliyowashika. Msamaha usio na kazi hukauka upesi, na kazi isiyo na msamaha huwa mzigo mchungu.

Sisi nasi twajua sana kukusanyika msibani. Tukisikia kilio twaja na kuni, na unga, na nyimbo. Matanga yakiisha kila mtu hurudi kwake, na mwenye jeraha hubaki na mama yake. Katika jubilii hii twahesabu makanisa yaliyojengwa na watu waliobatizwa, na ni vema. Na tuhesabu pia nyumba ambamo mgonjwa wa miaka mingi amelala, tuulizane: ni nani kati yetu aliyebisha hodi pale juma hili?