Si Uvivu, ni Hesabu: Kwa Nini Vijana Hukimbia Ufundi

Kila matokeo ya KCSE yakitoka, hakosi mzee wa kusema vijana wa siku hizi hawataki kushika nyundo, wanataka ofisi tu. Wasee, hiyo lawama imeanza kabla huyo mzee hajazaliwa.

Mwaka wa 1924, tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki ikapendekeza Mwafrika afundishwe zaidi kilimo na kazi za mikono. Inasikika poa, si ndio? Lakini wazazi walikuwa na macho. Waliona anayejua kusoma na Kiingereza ndiye anakaa kwa meza na kulipwa vizuri. Wakikuyu walipojenga shule zao huru miaka ya 1930, sababu zilikuwa kadhaa, na hiyo ilikuwa mojawapo.

Uhuru ukaja 1963. Wazungu wakaacha viti, na aliyemaliza Form Four akapata kazi haraka. Kila mzazi akauza ng'ombe alipe karo. Viti vikajaa. Kufikia 1966, Baraza la Makanisa, NCCK, lilikuwa tayari linauliza watoto wanaomaliza shule ya msingi waende wapi, na likasukuma vyuo vya ufundi vijijini. Waajiri nao wakapandisha masharti: kazi ya cheti cha msingi ikataka Form Four, ya Form Four ikataka Form Six. Mwaka wa 1976, Ronald Dore aliandika kitabu kizima kuhusu huo ugonjwa wa vyeti, na Kenya ni mmoja wa wagonjwa aliowapima.

Sasa angalia upande wa ufundi. Mwaka wa 1972, wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, walikuja hapa wakakuta maseremala, mafundi wa bati na washona viatu wakichapa kazi ya maana bila msaada wowote. Waliiambia serikali iache kuwahangaisha na kuwabomolea. Yaani serikali ilisema "jifunze ufundi," halafu ikatuma askari kwa kibanda cha fundi.

Mwaka wa 1985 tukaletewa 8-4-4. Wazazi wakachanga wajenge karakana za useremala na kazi za chuma. Lakini mlango wa chuo kikuu ukabaki ni mtihani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo mengi ya mikono yakapunguzwa. Kufikia 2013, hata Kenya Polytechnic, iliyofunguliwa 1961 kufunza mafundi, ikawa chuo kikuu kamili. Kama taasisi yenyewe ilitaka kupanda cheo, mnamlaumuje mtoto?

Mimi niliacha chuo, na kila wiki kuna mtu ananiambia ningeenda ufundi. Labda. Lakini msiniambie kizazi chetu ni kivivu. Kwa karibu miaka mia moja, vijana wamekuwa wakisoma vitu viwili: silabasi na mishahara. Silabasi ilisema mikono. Mishahara ilisema meza. Waliamini mishahara, na hesabu yao ilikuwa sawa.

Sasa tuko na CBC, na wimbo wa ujuzi umerudi. Ukitaka kujua kama safari hii ni tofauti, usiangalie vitabu. Uliza fundi wa mtaa wenu analipwa ngapi, analipwa lini, na kama kibanda chake kitakuwa bado kimesimama mwezi ujao.