Kitufe cha honi: kutoka Safari Rally mpaka kona za Mgeta

Wadau, leo siasa ipumzike kidogo. Naleta kitu kidogo kuliko kisosi cha chai: kitufe cha honi kinachokaa katikati ya usukani wa magari ya zamani. Najua kuna watakaosema kijana amekosa habari. Subirini kwanza.

Tuanze na magari ya kifahari ya mbio, yale ya kutundika picha ukutani. Jaguar E-Type ilipotoka mwaka 1961 ilikuwa na usukani wa mbao, na katikati yake kitufe chenye kichwa cha chui juu ya mirabaraba ya bendera ya kumalizia mbio. Haikuwa bure: Jaguar walishinda Le Mans mara tano kati ya 1951 na 1957, na dereva alitakiwa akumbuke hilo kila akipiga honi. Kwa hiyo mnunuzi wa leo anayetaka gari la asili hukiangalia sana kitufe hicho, maana ni rahisi kupotea na rahisi kughushi.

Ila usidhani kila nembo ya katikati ni honi. MGA, gari lingine la Waingereza la miaka ya 1955 hadi 1962, lina nembo nzuri ya MG kwenye usukani. Bonyeza utakavyo, kimya! Kitufe chenyewe kiko kwenye dashibodi. Wafaransa nao wana yao: kwenye Citroën 2CV na Renault 4 honi iko kwenye kijimkono kinachochomoza pembeni ya usukani. Na Wajerumani wa Mercedes, kwenye magari yao ya miaka ya 1950, waliweka duara la kromu ndani ya usukani. Ukilibonyeza linalia, ukilizungusha linawasha indiketa. Kitu kimoja, kazi mbili. Mimi hapo nawavulia kofia.

Haya magari hatukuyaona kwenye picha tu. Mashindano ya East African Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na yalikuwa ya magari ya dukani, usukani wa dukani na honi ya dukani. Bill Fritschy alishinda 1959 na 1960 kwa Mercedes 219, ya ukoo huohuo wa duara la kromu. Volkswagen, ile ya mgongo wa mviringo, ilishinda 1954 na tena 1962. Kwenye usukani wake wa miaka hiyo kulikuwa na nembo ya mji wa Wolfsburg, mbwa mwitu juu ya ngome. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, alichukua 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Halafu ikaja gari la michezo kwelikweli, Datsun 240Z, usukani wa mikono mitatu na honi katikati: Edgar Herrmann mwaka 1971, Shekhar Mehta mwaka 1973.

Sasa kwa nini kitufe cha asili hufa mapema? Mimi si fundi, lakini kanuni yenyewe si ngumu. Usukani unazunguka, waya hautakiwi kuzunguka hadi ukatike. Kwa hiyo pale kwenye shina la usukani kuna pete ya shaba na kibrashi kinachoisugua, au waya unapitishwa katikati ya shina. Ukibonyeza, unaipeleka athi kwenye bodi, mkondo unakamilika, honi inalia. Pete ikishika vumbi au kutu, kimya. Kwenye Volkswagen ya zamani kuna kiunganishi cha mpira kwenye shina, na kiwaya kidogo cha kuruka ule mpira. Kikikatika hicho tu, honi imekufa na hakuna kilichoharibika kingine.

Dereva wa London honi ikifa atapita gereji wiki ijayo. Sasa mpeleke Mgeta. Unaiacha barabara ya Iringa upande wa Mzumbe, unaanza kupanda Uluguru, milima ambayo kilele chake cha Kimhandu kinapita mita 2,600. Njia ni nyembamba, kona zimefumba, mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Kwa miaka mingi Land Rover ndizo zilizoshusha kabichi, karoti na watu kutoka huko kuja mjini Morogoro. Kwenye kona kama zile honi hupigwa kabla hujaona kitu. Mwenzako anayeshuka na mzigo anakusikia, anasimama pale penye nafasi. Asiposikia, mnakutana uso kwa uso na mmoja ana korongo nyuma yake.

Land Rover za awali, zile za kabla ya 1971, zina kitufe cheusi katikati ya usukani. Toleo la tatu lililofuata lilihamishia honi kwenye ncha ya mkono wa indiketa. Vyote viwili vikizeeka, fundi wa kwetu haagizi kipuri Uingereza. Anachukua swichi ya kengele ya mlangoni, anaifunga kwenye dashibodi, anavuta waya mbili, kazi imekwisha. Swichi haizunguki na usukani, kwa hiyo ule ugonjwa wa pete na kibrashi haupo tena. Kiufundi ni suluhisho zuri kuliko la kiwandani! Na ukikumbuka MGA, hata Waingereza wenyewe waliwahi kuiweka dashibodi.

Ndiyo maana nina ugomvi na wanaonunua Land Rover kuukuu, wakazirudisha "kama zilivyotoka kiwandani". Cha kwanza kung'olewa ni ile swichi ya kengele, inatupwa kwenye ndoo ya takataka pamoja na waya zake. Kitufe kipya cheusi kinaagizwa kwa posta. Gari linapendeza, sikatai. Lakini kiwandani lilikaa siku chache tu. Uluguru limekaa miaka thelathini, na ile swichi ndiyo iliyolilinda kwenye kona. Ningekuwa mimi, ningeiacha palepale kwenye dashibodi na waya wake, kitufe cheusi kikae katikati, na zote mbili zilie.