Tarehe ya Kuku wa Boma Letu, Mutituni

Asili ya kuku ni misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Walivuka Bahari ya Hindi pamoja na wafanyabiashara, na mifupa yao imefukuliwa Unguja Ukuu na Shanga, miji ya Waswahili iliyokuwapo kabla ya mwaka 1000. Baadaye walienea bara, na leo hakuna boma katika vilima vya Iveti, Mua wala Kangundo lisilosikia jogoo alfajiri. Tarehe hii ni ya kundi moja tu, lile la kwanza kufugwa kwetu Mutituni, jirani na mji wa Machakos. Naiandika kwa kuwa wafugaji wa sasa wanajua bei ya trei ya mayai na uzito wa kuku sokoni, ilhali tabia za kuku hazisemwi, na tabia hizo ndizo zilizoliokoa kundi letu lisiishe.

Mwaka 1984 Ukambani ilishikwa na njaa iliyoitwa Nikw'a Ngwete: watu walikuwa na pesa mkononi na chakula cha kununua hakipo. Mifugo mingi ilikufa. Mvua za vuli ziliponyesha na mavuno yakapatikana mwanzoni mwa 1985, susu, yaani nyanya yetu, alimletea mama mitetea wawili na jogoo mmoja ndani ya tenga. Huo ndio mwanzo.

Jogoo tulimwita Masaku, jina la mtabiri ambaye mji wa Machakos umeitwa kwa jina lake. Alikuwa mwekundu, mkia mweusi, na hakuwa mlafi. Akifukua mchwa aliwaita mitetea kwa sauti ya chini, akasimama kando hadi wale kwanza. Mgeni akiingia bomani alimpokea kwa miiba ya miguu yake, awe mtoto au mzee.

Mtetea mkubwa alikuwa Mumbua, aliyepata jina hilo kwa kuwa siku alipofika mvua ilikuwa ikinyesha. Yeye ndiye aliyetawala. Mtama ukimwagwa, alidonoa wa kwanza, na aliyetangulia mbele yake alidonolewa kichwani. Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyewatazama kuku tangu utotoni, aliandika mwaka 1922 kwamba kila kundi lina ngazi za namna hiyo, na kwamba kila kuku anajua wa kumdonoa na wa kumpisha. Sisi watoto tuliokuwa na kazi ya kulisha tuliziona ngazi hizo kila asubuhi.

Mtetea wa pili alikuwa kishingo, shingo tupu isiyo na manyoya. Huyo tulimwita Syokimau, kwa heshima ya mtabiri wa Ukambani aliyesemekana kuiona reli kabla haijafika, kama nyoka mrefu anayetoka pwani. Syokimau wetu alikula mwisho na kulala ukingoni mwa kizimba, lakini jicho lake lilikuwa juu daima. Wataalamu wamethibitisha kwamba kuku ana mlio mmoja kwa hatari ya angani na mwingine kwa hatari ya ardhini. Yeye alitoa ule wa angani mwewe akiwa bado doa dogo upande wa Iveti, na vifaranga wote, wake na wasio wake, wakajitosa chini ya mibaazi.

Kizazi cha pili kilikuwa na wawili wa kukumbukwa. Musyoki, mwana wa Masaku, aliuzwa kwa jirani wa ng'ambo ya bonde, na kabla giza halijaingia alikuwa amerudi kwa miguu yake. Baba alirudisha pesa. Mwende, binti wa Mumbua, hakurithi ukali wa mamake hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kuatamia. Mayai ya mtetea yeyote yakiwekwa chini yake aliyakalia siku 21, akitoka mara moja kwa siku kunywa maji na kudonoa kidogo, kisha kurudi.

Mwaka 1991, katika miezi ya kiangazi na upepo, kideri kiliingia kijijini. Kuku walianza kuhara kijani, mabawa yakalegea, shingo zikapinda. Masaku, Mumbua, Syokimau na Musyoki walikufa ndani ya juma moja. Mwende alikuwa akiatamia ndani ya jiko la mama, mbali na wenzake, na ugonjwa haukumfikia. Mayai aliyoyakalia hayakuwa yake peke yake. Yalipototolewa, vifaranga wawili walikuwa na shingo tupu. Ukoo wa Syokimau ulikuwa umepona, na kuku wote wa boma letu wa leo wanatokana na kiota kile.

Tangu hapo tumechanja kila baada ya miezi mitatu, tone moja jichoni, chanjo ya kideri inayotengenezwa nchini na KEVEVAPI, taasisi ya Kenya ya chanjo za mifugo. Mabadiliko mengine yalikuja baadaye: kuku wa kienyeji walioboreshwa na watafiti wa Naivasha, kisha Kuroiler kutoka India kupitia Uganda. Wanataga zaidi, wanakua upesi, na wamelipa karo za watoto wengi Machakos. Lakini wengi wao hawaatamii. Anayewafuga peke yao hutegemea mashine na muuza vifaranga, na kideri kikipita bandani mwake hubaki bila mbegu.

Ndiyo maana nawaomba wafugaji wenzangu: nunueni kuku walioboreshwa, lakini msichinje mtetea anayeatamia vizuri wala yule anayemwona mwewe mapema. Wachanjeni, wapeni majina, na andikeni nani alizaliwa na nani. Mtetea wa namna hiyo ni akiba ya boma.