Breki Ndani ya Jani

Chai ya wakulima wadogo wa Nyaramba, kaunti ya Nyamira, haina historia ndefu. Mche wa kwanza wa Kenya ulipandwa Limuru mwaka 1903, lakini zao likabaki la walowezi na makampuni hadi Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipomfungulia mkulima mdogo mlango. KTDA, mamlaka ya chai ya wakulima hao wadogo, ikaanza 1964.

Mchumaji hukata majani mawili na chipukizi. Kisha mmea huchipua tena. Hukua kwa kupokea habari, kama vile sukari ipo au haipo, na baadhi ya habari hizo hupitia kwenye protini za G, swichi zilizo ndani ya seli.

Kwa mnyama, protini hii husubiri kuwashwa. Kwa Arabidopsis, gugu la ukoo mmoja na sukuma wiki, hujiwasha yenyewe! Kazi ni kuizima, nayo hufanywa na protini RGS1, breki iliyo kwenye utando wa seli. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba glukosi ikiwapo, vimeng'enya vya WNK huibandika RGS1 fosfati. Breki hiyo huvutwa ndani ya seli, na protini ya G hubaki huru.

Kwa mpunga, jeni ya protini ya G ikiharibika, mmea hudumaa. Wanasayansi wa Japani waliitambua 1999.