Ngome ya Bahla na Nasaba ya Wanabahani

Juu ya mji wa Bahla, katika Oman ya bara, imesimama ngome ya matofali ya udongo juu ya misingi ya mawe. Mji huo ulistawi chini ya Banu Nabhan, kabila lililokuwa na nguvu toka karne ya 12 hadi mwisho wa karne ya 15. Katika historia ya Waswahili jina hilo si geni. Watawala wa Pate walijiita Wanabahani, na masimulizi yao humtaja Sulaiman aliyetoka Oman mwanzoni mwa karne ya 13, tarehe ambayo wanahistoria wengi huitilia shaka.

Ukuta wa udongo usipokandikwa upya, mvua huubomoa. Bahla iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1987. Mwaka uliofuata ikatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, ikabaki humo hadi 2004. Nasaba nayo hukandikwa upya na kila kizazi kinachoihitaji. Kazi ya mwanahistoria ni kutenganisha udongo mpya na jiwe la kale, pasipo kudharau mikono iliyoukandika.